UZI: Mvua zimekolea Mbeya, na si kila choo kinachorudisha maji kimeziba

Bomba la Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni fundi bomba, kazi zangu nyingi ziko Uyole, Isyesye, Ilomba mpaka Sae. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila msimu wa mvua naona watu wanamwaga hela mahali pasipo na tatizo, na inaniuma. Choo kinarudisha maji, mtu anaita kijana wa spiringi, ule waya wa kuzibulia mabomba. Spiringi inapita yote bila kugusa kitu, kijana analipwa anaondoka. Mvua ikinyesha tena, choo kinarudisha tena. Anamwaga kostiki soda, wapi. Anaita gari la kunyonya, septiki (tenki la maji machafu lililofukiwa) inanyonywa mpaka sakafuni, na baada ya mvua mbili kubwa imejaa pomoni. Hapo ndipo lawama zinaanza: mara wapangaji wanatupa taka chooni, mara fundi aliyejenga alikuwa tapeli.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Kipindi cha mvua, kabla hujazibua chochote, tafuta kwanza maji ya bati lako yanaishia wapi. Nyumba nyingi ninazoitwa, maji ya paa na maji ya choo yanakutana mahali fulani chini ya ardhi, na mwenye nyumba hana habari.

Tupige hesabu, maana wengi wakiisikia ndipo wanaamini. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Mvua ya mchana mmoja ya milimita 40, ambayo kwa Mbeya ya Januari si kitu cha ajabu, inashusha lita 4,800 kwenye paa hilo. Ondoa yanayoruka na yanayopotea, weka lita 4,000. Sasa chukua septiki ya urefu wa mita 2, upana mita 1.2, kina cha maji mita 1.5. Hiyo ni lita 3,600. Yaani paa likielekezwa humo, mvua moja inaijaza yote na kubaki. Familia ya watu watano inayotumia lita 400 kwa siku ingehitaji siku 10 kumwaga maji hayo yanayoshuka ndani ya saa mbili. Spiringi itazibua nini hapo?

Maji ya bati yanaingiaje? Njia ninazokutana nazo:

Ya kwanza ni gata, yaani mfereji wa maji ya bati, kuunganishwa makusudi kwenye chemba, kile kishimo chenye mfuniko kwenye njia ya bomba la choo. Fundi aliona chemba iko karibu, akaona kuchimba mtaro mpaka barabarani ni kazi, akatumbukiza bomba la gata humo akafukia. Nyumba ikijengwa kiangazi hakuna atakayejua.

Ya pili ni mifuniko ya chemba iliyo sawa na ardhi au chini yake. Ua ukifurika, maji yanaingilia pembeni ya mfuniko. Mfuniko unatakiwa ukae juu ya ardhi, mimi huwa napandisha sentimita 15, na pembeni upigwe plasta vizuri. Halafu watu wakimwaga kifusi au wakiweka pavingi uani wanasahau kupandisha chemba, ndiyo inageuka shimo la kukusanyia maji ya ua mzima.

Ya tatu ni sehemu ya kufulia nje. Sinki la uani lenye sakafu ya zege, mteremko wote unaelekea kwenye kitundu kimoja, na kitundu kinaenda septiki. Mvua ikinyesha, ile sakafu nayo ni paa.

Ya nne haionekani: viungo vya bomba vilivyoachia chini ya ardhi. Ardhi ikishiba maji, yanapenya kuingia ndani ya bomba. Watu wanajua bomba bovu linavujisha kwenda nje, hawajui kwamba ardhi ikijaa maji linavujisha kuja ndani pia.

Ukishaangalia hayo ndipo uje kwenye chemba zenyewe. Chemba zinasema ukweli, ukijua kuzisoma. Fungua ya kwanza iliyo karibu na nyumba. Kama choo kinarudisha lakini chemba hiyo ni kavu, kizuizi kiko kati ya choo na chemba, hapo spiringi ina kazi. Kama chemba ya kwanza imejaa na inayofuata ni kavu, kizuizi kiko kati yao. Kama zote zimejaa mpaka septiki, na septiki yenyewe maji yamepanda juu ya bomba la kutokea, basi njia haina tatizo, maji ndiyo hayana pa kwenda.

Tazama na maji yenyewe. Maji ya kuziba ni mazito, yana karatasi, yana mafuta yaliyoganda, yametulia. Maji ya mvua ni mepesi, yana rangi ya udongo, majani, vipande vya nyasi, wakati mwingine yanazunguka kwa sababu bado yanaingia. Ukishaona jani la mparachichi linaelea kwenye chemba ya choo, jiulize limepitia wapi.

Halafu jambo moja linalowaponza wengi: septiki nzima inayofanya kazi vizuri SIKU ZOTE imejaa mpaka usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo ilivyotengenezwa, tope linakaa chini, mapovu na mafuta juu, maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la kunyonya, lile ambalo ardhi inayanywa. Kufungua mfuniko ukaona maji si sababu ya kuita gari. Angalia maji yako juu ya bomba la kutokea, au yako sawa nalo?

Ulizeni, nitajibu nikitoka site.

Mpangaji wa Soweto

Mkuu uzi umekuja wakati wake. Huku kwetu Soweto nyumba ya kupanga, mvua ikianza tu kitundu cha bafuni kinaanza kukoroma, glo glo glo, halafu maji meusi yanapanda sakafuni. Choo chenyewe kinachelewa kidogo ndipo nacho kinagoma kushuka. Mwenye nyumba anasema ni sisi tunatupa taulo za kike. Wanawake wote wa nyumba hii tumekaa kikao kabisa, hakuna anayetupa. Tufanye nini?

Bomba la Uyole

Dada pole. Kuanza bafuni ni kawaida kabisa. Maji yakikosa njia hupanda mpaka yapate tundu lililo chini kuliko yote, na kitundu cha bafu kiko usawa wa sakafu wakati choo cha kukaa kiko juu yake. Bafu ndilo linalotoa taarifa mapema. Huko kukoroma ni hewa: maji yanapojaa bombani yanasukuma hewa iliyokuwemo, na kama nyumba haina bomba la kupumulia, au limezibwa, hewa inatokea kwako bafuni. Angalieni nyuma ya nyumba kama kuna bomba la inchi nne lililosimama mpaka juu ya bati. Likiwepo, liwe na kofia, lisiachwe wazi kwa mvua na ndege.

Kuhusu lawama ya taulo, kuna kipimo cha bei ndogo sana. Chukueni bluu ya kufulia, ikorogeni kwenye ndoo iwe kali. Siku isiyo na mvua, mmoja apande ngazi aimwage kwenye gata, afuatishe ndoo mbili tatu za maji. Mwingine akae amefungua chemba. Bluu ikitokea kwenye chemba, kesi imekwisha. Fanyeni hivyohivyo kwa kitundu cha sinki la uani na maji ya uani. Na mwiteni mwenye nyumba awepo, asisimuliwe.

Wakati mnasubiri: mvua ikinyesha msifue, msioge kwa maji mengi, msifungulie flashi hovyo. Kila lita mnayomwaga inarudi kwenu. Maji yaliyopanda sakafuni ni kinyesi kilichochanganywa na mvua, watoto wasiyaguse, sakafu ioshwe kwa sabuni kisha dawa ya klorini, na mtu avae gambuti.

Mama Wawili Sae

Fundi, mimi choo hakina shida. Shida yangu ni bomba la ndani. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi maji yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Jirani yangu yake safi, tunatumia laini moja ya barabarani. Sasa mimi nalaumu nani?

Bomba la Uyole

Mama, kama jirani wa laini hiyohiyo anapata maji safi saa hiyohiyo, anza kutafuta kati ya mita yako na nyumba yako. Kipande hicho ni chako.

Inatokea hivi. Maji yakiwa na presha, penye ufa yanatoka nje. Maji yakikatika, bomba linabaki tupu na linavuta. Kama ufa huo umezungukwa na tope, linavuta tope. Maji yakirudi asubuhi, ya kwanza kufika kwenye ndoo yako ni lile tope. Kiangazi ufa huohuo unavuta hewa tu, ndiyo maana unasikia bomba linatema tema bila uchafu.

Namna ya kuhakikisha: maji yakiwepo, funga koki zote ndani, funga na ya tenki, nenda kaangalie mita. Kama kile kigurudumu kidogo bado kinazunguka, unavujisha. Kisha fuata njia ya bomba kwa miguu. Kwa ardhi yetu hii ya majivu ya volkano, mvua inachimba haraka sana, hasa viwanja vya mteremko. Bomba lililofukiwa kina cha kiganja kiangazi, mwezi wa pili liko juu limening'inia, kiungo kimebeba uzito ambao hakikutengenezewa. Angalia zaidi pale bomba linapoingia ukutani. Udongo ukititia nje na ukuta ukabaki palepale, bomba linakatikia hapo. Fundi akirudishia, alipitishe ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi ili lipate nafasi ya kucheza.

Kwa sasa, maji yakirudi fungulia kwanza koki ya nje iliyo chini kuliko zote, yaache mpaka yatakate, usiyaruhusu kuingia tenki. Ya kunywa yatulize, chuja kwa kitambaa safi, yakiwa bado na vumbi tumia shabu, halafu chemsha. Usitie dawa ya klorini kwenye maji ya tope ukaona umemaliza, maana tope linaila dawa na vijidudu vinajificha humo. Kwa Mbeya mjini, maji yakichemka kwa nguvu dakika moja inatosha. Walioko juu ya mita 2,000, kama Makete na Kitulo, wachemshe dakika tatu, kwa sababu huko maji yanachemka kwa joto dogo zaidi.

Mjuba wa Mtaa

Mnajisumbua bure. Sisi mtaani kwetu tunasubiri mvua ile kubwa ya usiku, tunatoboa tofali moja upande wa chini, choo kinajitapika chenyewe kinaenda na mtaro. Asubuhi kisafi. Gari la kunyonya bei yake nani anaiweza?

Nesi wa Igawilo

Kaka nakuomba usome hili mpaka mwisho, na sikuandikii kwa hasira.

Mtaro unaopokea uchafu wako unapita kwa mtu. Chini ya mtaa wenu kuna watu wana visima, kuna mabomba yenye nyufa kama hilo la Mama Wawili hapo juu. Unachokitapisha usiku kinavutwa na bomba la mtu alfajiri, na mama anakorogea mtoto uji. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo, na homa ya matumbo, na kuhara kwa watoto. Mtoto mdogo akiharisha na kutapika anaishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Sisi tunaompokea wodini tunaona macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta inabaki imesimama, analia machozi hayatoki. Nimeshika mishipa ya watoto hao kutafuta pa kuweka dripu, haionekani. Gari la kunyonya ni ghali, sikatai. Changishaneni wapangaji na mwenye nyumba. Lakini msitapishe.

Bomba la Uyole

Nesi Mungu akubariki.

Naongeza kwa upande wangu. Kutapisha ni kosa, iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, zote zinakataza kumwaga uchafu wa namna hiyo kwenye mazingira. Na kiufundi unajibomolea. Ukitoboa ukuta wa shimo upande wa chini wakati ardhi imeshiba, udongo wa nje ni tope zito linalosukuma ukuta kwa ndani. Ndani ulikuwa na maji yanayosukuma kwenda nje, vinashikana. Ukiyatoa ghafla, ukuta wa tofali usio na nguzo wala plasta unaingia ndani. Mashimo niliyoyaona yamebomoka, mengi yamebomoka katikati ya mvua, si kiangazi.

Hapohapo niwaonye na wanaoita gari katikati ya masika. Ikibidi kunyonya, usinyonye mpaka chini. Punguza ile sehemu ya juu upate nafuu, subiri ardhi ikauke ndipo usafishe kabisa. Wenye matenki ya plastiki yaliyofukiwa ndio wawe makini zaidi: tenki tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji linaelea. Linanyanyuka, linakata mabomba yake yote ya kuingilia na kutokea, linapasua na zege la juu kama lilimwagwa jembamba.

Mjuba, kama kwenu kweli shimo linajaa haraka, nenda kafanye kile kipimo cha bluu. Inawezekana unalipia kunyonya maji ya mvua.

Mjuba wa Mtaa

Sawa Nesi, nimesoma. Kuhusu ukuta kubomoka sikujua. Nitaangalia gata.

Mwana Ipinda

Ugonile mwee. Huku Kyela ninyi watu wa mjini mngelia. Mvua zetu zenyewe hasa ni Machi mpaka Mei, na mito yote ya Rungwe inashukia kwetu kuelekea Ziwa Nyasa. Ukichimba shimo mwezi wa nne, hujafika kiunoni umekuta maji. Sasa hiyo septiki ya chini inawezekanaje?

Bomba la Uyole

Mwana Ipinda, kwenu kanuni ni kupanda juu. Kitako cha shimo la choo au cha shimo la kunyonya kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini angalau mita moja na nusu, na maji ya kupimia ni ya mwezi wa nne, usipime Oktoba. Kama hupati mita hiyo na nusu kwa kuchimba, inua. Jenga septiki nusu yake iwe juu ya ardhi, mwaga kifusi cha mchanga pembeni ufanye tuta, maji yatoke yanyonywe ndani ya tuta. Nyumba nayo sakafu yake iinuliwe, la sivyo choo kitakuwa chini ya septiki na maji hayapandi mlima.

Septiki ya namna hiyo ipigwe plasta ndani na nje, saruji ya kutosha, maana kwenu adui anatoka nje kuja ndani. Na kisima kikae mbali na choo mita 30 au zaidi. Kiwanja kikiwa kidogo, kubaliana na jirani mchimbe kisima kimoja mahali pazuri, kuliko kila mtu kuwa na kisima chake pembeni ya choo cha mwenzake.

Kihesa Juu

Kamwene. Iringa huku mvua si nyingi kama yenu lakini tuna shida nyingine, mawe. Mji umekaa juu ya mwamba, anayelifahamu jiwe la Gangilonga anaelewa. Mimi nilichimbiwa shimo la kunyonya, mita mbili kwenda chini tukagonga mwamba, fundi akasema panatosha. Kiangazi linanyonya vizuri. Mvua zikikaza linakaa limejaa wiki nzima, na hakuna gata inayoingia, nimehakiki.

Bomba la Uyole

Kihesa hapo umetoa mfano mzuri kwa watu wote, kwa sababu shimo lako limejengwa juu ya beseni. Mwamba haunywi. Maji yote ya mvua yanayoshuka kwenye udongo wa juu yanafika kwenye mwamba yanatambaa juu yake, na shimo lako ndilo bonde. Kuongeza kina hakuwezekani, na kuongeza shimo jingine la namna hiyo ni kuongeza beseni.

Mahali pa mwamba, nenda kwa upana badala ya kina. Chimba mfereji mrefu wa kina kifupi, upana wa sentimita 60 hivi, kwenye udongo ule wa juu unaonyonya, ukifuata usawa wa kiwanja usishuke na mteremko. Weka kokoto, juu yake bomba la inchi nne lililotobolewa, kokoto tena, funika na turubai jepesi au nyasi kavu ili udongo usizibe kokoto, ndipo ufukie. Maji yatagawanyika mfereji mzima badala ya kukaa sehemu moja. Na upande wa juu wa mfereji chimba kinga maji, kama tunavyofanya mashambani, ili maji ya mvua ya kiwanja cha juu yapindishwe kabla hayajafika.

Kabla hujachimba, pima ardhi. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30 pale mfereji utakapokaa, kijaze maji, yaache yanyonywe, rudia mpaka udongo ushibe. Kisha jaza tena na utazame saa, maji yanashuka sentimita mbili na nusu kwa dakika ngapi. Yakichukua zaidi ya saa nzima, hapo hapafai, sogea. Kosa linalofanyika nyanda hizi zote ni kupima Septemba ardhi ikiwa imepasuka kwa ukavu, ambapo kila shimo linaonekana linakunywa vizuri. Ardhi ya kuamini ni ile uliyoishibisha kwanza.

Mjenzi Forest

Fundi naomba unisaidie na miti. Kiwanja changu kina mikaratusi ya zamani, mikubwa. Chemba ya pili kila mwaka naikuta ina nywele nywele nyekundu zimejaa.

Bomba la Uyole

Hiyo ni mizizi mkuu. Mkaratusi unafuata unyevu, ukipata kiungo cha bomba kinachovuja hata kidogo unaingiza uzi mwembamba, ndani unanenepa. Kukata kila mwaka kunasaidia mwaka mmoja. Fukua kipande hicho, toa mabomba ya zamani ya saruji kama ndiyo yaliyopo, weka PVC ya inchi nne yenye viungo vichache iwezekanavyo, mteremko wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Usizidishe mteremko ukidhani ndiyo vizuri, maji yatakimbia yaache kinyesi. Na ukiweza hamisha njia mbali na miti. Kama unataka kupanda kitu karibu na shimo la kunyonya, panda migomba.

Miti hiyohiyo inajaza gata majani. Gata ikiziba, maji yanarudi nyuma yanaingia darini, yanateremka kwenye kuta penye mabomba na nyaya za umeme. Safisha Oktoba, rudia mvua zikikatika kidogo Februari.

Mpangaji wa Soweto

Wakuu nimerudi. Jumapili tumefanya kile kipimo, mwenye nyumba yupo. Tulimwaga bluu kwenye gata ya nyuma, kijana akaongeza ndoo ya pili tu, chemba ikageuka bluu. Sote tulikuwa tumeinama tunaangalia. Mzee alinyamaza, halafu akauliza gata ya mbele nayo ipimwe. Ya mbele haikutoa kitu. Amekubali kuitoa ile ya nyuma, na amewaomba radhi kina dada kwa yale ya taulo. Ndaga fijo fundi. Sasa maji hayo ya nyuma ayapeleke wapi? Nyuma yetu ni ukuta wa jirani.

Bomba la Uyole

Huyo mzee ni muungwana, mpeni salamu zangu.

Maji ya bati ni mali, kwa hiyo jambo la kwanza ni tenki. Hata la lita 1,000 litawasaidia kufua na kuflashi. Mvua za kwanza za msimu zimwageni nje, zinasafisha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya bati. Tenki likae juu ya jukwaa la zege au mawe yaliyojengwa, kwa sababu lita 1,000 ni tani moja. Watu wanasahau bomba la kumwagia ziada, tenki likijaa maji yanadondoka palepale kwenye kitako, udongo unachimbika, siku moja tenki linalala. Bomba la ziada lipelekwe mbali na kitako.

Ziada hiyo, pamoja na maji yasiyoingia tenki, ipitishwe kwenye bomba la inchi nne chini ya ardhi kuzunguka pembeni ya nyumba mpaka mtaro wa barabarani. Msiielekeze ukuta wa jirani. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifika mpaka kwenye nyumba za Itezi, kila mtu hapa Mbeya anajua ardhi iliyoshiba inavyoweza kutembea. Ukuta wa tofali uliolowekwa msimu mzima na gata ya mtu unaanguka bila kelele nyingi, na mara nyingi upande wa pili kuna watoto.

Njia ikiwa ndefu, wekeni kichemba kidogo penye kona, chenye wavu, kiwe cha maji ya mvua peke yake. Mfuniko wake upigwe rangi tofauti na wa choo. Fundi atakayekuja miaka ijayo asije akakosea akaunganisha tena.

Mama Wawili Sae

Na mimi nilete majibu. Mita ilikuwa inazunguka. Tumefuata njia, palepale bomba linapoingia ukutani kama ulivyosema, pameachia. Fundi wa hapa anataka kuunga leo leo na mvua inanyesha. Nimwache?

Bomba la Uyole

Kama bomba ni PVC na anatumia gundi, asiunge likiwa limelowa. Gundi ile inashika plastiki kavu. Afunge koki ya mita, achimbe shimo pana kuliko bomba ili maji yakusanyike chini yake, apige turubai juu, afute bomba na soketi kwa kitambaa kikavu mpaka vikauke kabisa, apake, asukume, ashikilie kidogo bila kutikisa. Asifungulie maji mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite, na kwa baridi hii ya Mbeya auzidishe.

Kama ni lile bomba jeusi la kuviringishwa lenye viungo vya kukaza kwa mkono, anaweza kuunga hata sasa, mradi aoshe tope lote kwenye meno na kwenye raba kabla ya kukaza.

Akimaliza asifukie. Fungulia maji, funga koki zote ndani, mwambie aangalie mita na wewe ukiwa umesimama hapo. Kigurudumu kikisimama, ndipo afukie na ndipo umlipe.